Tulipandisha chumba darini Dagenham, hesabu yetu hii hapa

Mmeuliza wiki hii: familia ikiizidi nyumba, bora kuhama au kupandisha chumba darini, na je, pesa inayokwenda huko juu hurudi siku ya kuuza? Kwetu sisi haikurudi yote. Kwenye karatasi tumepungukiwa na pauni 5,300. Ukiniuliza kama ningefanya tena, ningefanya, ila sababu zangu si zile wanazozitaja madalali.

Tunaishi Dagenham, mashariki ya London, katika mtaa wa Becontree, zile nyumba za serikali zilizojengwa na Baraza la London kati ya 1921 na 1935. Nyingi baadaye ziliuzwa kwa wapangaji wenyewe, na wengine kama sisi tukazinunua mkono wa pili au wa tatu. Nyumba zimeshikana, ukuta wangu ni ukuta wa jirani, na vyumba ni vya kupishana kwa ubavu. Ya kwetu ilikuwa na vyumba vitatu vya kulala, cha tatu tukikiita stoo mpaka alipozaliwa kitindamimba wetu. Kisha kaka yangu wa Leicester, aliyekuwa akikaa na mama, akahamishwa kikazi, na mama akaja kwetu na masanduku mawili na magoti yanayouma. Watoto watatu, sisi wawili, na bibi. Godoro likawa linalala sebuleni.

Tulianza na wazo la kuhama, kama kila mtu. Nyumba ya vyumba vinne karibu na shule ya watoto ilikuwa inauzwa kama pauni 500,000. Ya kwetu ilikadiriwa 385,000. Ukiacha ile tofauti yenyewe, piga hesabu ya gharama za njiani. Ushuru wa stempu kwa nyumba ya laki tano ni pauni 15,000, kwa viwango vya kuanzia tarehe 1 Aprili 2025, na sisi tusingewahi kumaliza ununuzi kabla ya siku hiyo. Dalali wa kuuza ya kwetu alitaka asilimia moja na nusu, juu yake VAT, jumla pauni 6,930. Wanasheria na lori la kuhamia, tuseme elfu nne nyingine. Karibu pauni 26,000 zinaondoka na hakuna hata tofali moja lililoongezeka. Hapo ndipo mume wangu alipochukua tochi, akapanda ngazi ya kukunja na kuingiza kichwa darini.

Nawashauri nyote mwanze na hapo, na mchukue futi kamba kabla hamjampigia mtu simu. Pima kutoka kwenye mbao za dari hadi kilele cha paa. Mafundi wengi wakikuta chini ya mita 2.2 wanatikisa kichwa. Sisi tulikuta mita 2.4 tukashangilia, na tulishangilia mapema. Mbao za dari zimewekwa kushikilia dari tu, haziwezi kubeba kitanda na watu. Unawekewa mihimili ya chuma na mbao mpya nene, sakafu inapanda. Chini ya vigae yanashindiliwa mabamba mazito ya kuzuia baridi, kisha jipsamu, na paa linashuka. Leo pale katikati mume wangu anasimama vizuri, lakini shemeji yangu mrefu akija tunamwambia aswali akiwa amesimama katikati ya chumba, asisogee.

Jambo la pili ni kenchi zenyewe. Nyumba za zamani kama zetu zina paa la makombamoyo na boriti, katikati pako wazi. Nyumba nyingi za kuanzia miaka ya 1960 zina kenchi za kiwandani zilizofumwa kwa mbao nyembamba zinazokatiza nafasi yote. Hizo huwezi kukata ovyo, paa litafunguka kama mwavuli. Hugeuzika, ila kwa chuma kingi na pesa nyingi zaidi. Rafiki yangu wa Chafford Hundred alipewa bei iliyozidi yetu kwa chumba kidogo kuliko chetu, na sababu ilikuwa hiyo.

Sasa bei. Tuliita makampuni matatu. La kwanza lilitaka pauni 18,000, na jamaa alisema kwa uso mkavu kwamba cheti cha ukaguzi wa ujenzi si lazima, "mtaweka tu ngazi ya kukunja na zulia". Tukamsindikiza mlangoni. Chumba cha namna hiyo kisheria ni stoo yenye zulia. Dalali hawezi kukiuza kama chumba cha kulala, mwanasheria wa mnunuzi atauliza cheti, na moto ukizuka usiku anayelala juu hana njia. La pili lilikuwa ghali kupita uwezo wetu. La tatu liliandika 46,000, tukafurahi, mpaka nilipoona kwa herufi za sisimizi: bila VAT. Asilimia 20 juu yake, ikawa 55,200. Ukipokea bei yoyote ya ujenzi Uingereza, swali la kwanza liwe hilo.

Juu ya hiyo 55,200 weka michoro na mhandisi wa kukokotoa mihimili, 2,300. Ukaguzi wa ujenzi, 950. Boila mpya, maana la zamani halikuwa na nguvu ya kusukuma maji hadi bafu la juu, 2,600. Rangi, zulia na makabati ya pembeni pale paa linapoinama, 3,100. Na 1,150 za jirani, nitazieleza. Jumla pauni 65,300.

Kibali cha mipango hatukuhitaji. Sheria ya England inaruhusu nyumba ya kushikana iongezewe hadi mita 40 za ujazo juu (zisizoshikana na za pacha ni 50), mradi usizidi kilele cha paa la zamani, usitokeze upande wa barabarani, na usiwe katika eneo la hifadhi. Sisi tulijenga nyuma, kile kichumba cha mraba kinachochomoza kutoka kwenye paa ambacho hapa wanakiita doma. Lakini ukaguzi wa ujenzi haukwepeki kwa nyumba yoyote, na hapo ndipo tulipokutana na habari ya moto. Nyumba ya ghorofa moja ikipandishwa ya pili, ngazi zote mpaka mlango wa nje lazima ziwe njia salama ya kutorokea. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa amebomoa ukuta kati ya sebule na ukumbi ili paonekane papana. Tukaujenga upya. Milango ya vyumba vinavyofungukia ngazini ikabadilishwa kuwa mizito ya kuhimili moto, na kila ghorofa ving'ora vya moshi vilivyounganishwa, kimoja kikilia vyote vinalia. Mama akikaanga samaki wakati mlango wa jiko uko wazi, mtaa mzima unajua.

Jirani sasa. Chuma kinaingia kwenye ukuta wa pamoja, kwa hiyo sheria ya kuta za pamoja ya 1996 inakutaka umpe jirani notisi ya maandishi miezi miwili kabla. Ana siku 14 za kujibu, na akikaa kimya inahesabiwa kuwa mmetofautiana. Upande wa kulia anakaa mzee Mwingereza mjane. Nilimpelekea barua pamoja na sahani ya sambusa, akatia saini palepale na kuuliza kama kuna nyingine. Nazungumzia sambusa. Upande wa kushoto ni mwenye nyumba asiyeishi pale, naye alijibu kwa kuteua mtaalamu wake wa kukagua ukuta, gharama juu yetu. Ndizo zile 1,150. Simlaumu, ni haki yake. Ninachojutia ni kwamba tulimpelekea notisi kwa posta badala ya kumtafuta kwanza tukazungumza.

Kuhusu pesa zilitoka wapi, wengi mtataka kujua, maana kwenye harusi ndilo swali ninaloulizwa chinichini. Nyumba tuliinunua kwa mpango wa benki ya Kiislamu, tunamiliki pamoja na benki na kulipa kidogo kidogo. Kwa hiyo kwanza ilibidi benki iombwe ruhusa, kwa kuwa paa ni lake pia. Mkopo wa riba mume wangu hataki hata kuusikia. Akiba yetu ilikuwa pauni 31,300. Mimi niko kwenye upatu wa kina mama wenye mikono ishirini, pauni mia tano kwa mwezi kila mkono, na mimi nina miwili. Kijumbe wetu alinipangia nipokee mfululizo, Februari na Machi, nikapata elfu ishirini bila kumwandikia mtu fomu. Mpaka mwaka huu mwishoni bado nalipa. Kaka alitoa elfu mbili kwa ajili ya mama. Zilizobaki, elfu kumi na mbili, zilitoka Tanga. Mume wangu alikuwa na kiwanja Pongwe, amekinunua 2011, kila likizo tukienda kufyeka nyasi na kuhesabu mawe ya mipaka. Hicho ndicho kilichouzwa. Katika karatasi ya mkandarasi hakuna mstari wa kiwanja cha Pongwe.

Kazi ilianza Februari 2025 ikaisha katikati ya Mei. Vumbi sitaki kulieleza.

Mwezi wa tisa tulimwita mkadiriaji. Akasema 445,000. Yaani nyumba imepanda pauni 60,000 kwa matumizi ya 65,300. Matangazo yanapenda kunukuu utafiti wa Nationwide, wakopeshaji wakubwa wa nyumba, kwamba chumba kikubwa chenye bafu huweza kuongeza zaidi ya asilimia 20 ya thamani. Yetu haikufika 16. Nilimuuliza kwa nini, akanionyesha sababu mbili bila kusita. Kwanza, mtaa una kikomo chake cha bei. Hata ukiweka bafu la marumaru, mwenye kununua Becontree anatazama nyumba ya jirani iliuzwa ngapi. Pili, ngazi mpya imemega pembe ya kile chumba cha tatu, sasa kinaingia kitanda na mtoto, kabati hapana. Mnunuzi anaiona hiyo mara moja. Kwa hiyo kabla hujasaini michoro, tafuta ngazi inatua wapi. Ikiweza kukaa juu ya ngazi ya zamani, shukuru. Yetu ilishindikana kwa sababu ya kimo.

Angalau kodi ya baraza haijaguswa. Daraja la nyumba, linaloamua kodi hiyo, halipitiwi upya kwa sababu ya chumba cha darini mpaka nyumba iuzwe.

Sasa mtashangaa nani analala huko juu. Chumba tulikijenga tukisema "cha mama". Alipanda siku ya kwanza, akashika ukuta, akafika, akasifu dirisha la paa na mwanga wake, akashuka kwa makalio ngazi moja moja huku watoto wakicheka. Hakupanda tena. Mwinuko wa ngazi unaruhusiwa hadi nyuzi 42, na yetu imekaribia hapo. Tukahama sisi wawili juu, mama akachukua chumba chetu, na bafu liko mlango wa pili. Kwa hiyo pauni 65,300 zimemnunulia mama chumba ambacho kilikuwepo tangu zamani.

Na joto! Kiangazi cha 2025 kilikuwa cha moto kuliko vyote vilivyotangulia kurekodiwa Uingereza, na tulikipitia chote tukiwa chini ya vigae. Mimi mtoto wa Tanga nililala nimejitanda khanga iliyoloweshwa, kama mwezi wa pili kule kwetu. Dirisha la paa nunueni lenye pazia la nje, la ndani halisaidii kitu, joto limeshaingia.

Lakini sebuleni hakuna godoro tena, na binti yangu mkubwa anasomea mtihani mlango umefungwa. Ningehama, ningelipia elfu 26 za njiani na tofauti ya nyumba juu yake, na kijumbe asingekuwa na mikono ya kutosha. Hilo ndilo jibu langu kwa swali lenu.

Aliyenunua kiwanja cha Pongwe ameshamwaga msingi. Shemeji alitutumia picha wiki mbili zilizopita. Mume wangu aliikuza kwa vidole, akahesabu vyumba, akarudisha simu mezani, akapanda juu kulala.