Bayoteknolojia ina tofauti gani na biolojia?

SWALI: Binti yangu amemaliza sekondari na anataka kusomea bayoteknolojia chuo kikuu. Je, shahada hiyo inatofautianaje na ya biolojia, na itampasa kuendelea hadi uzamili?

JIBU: Mwanafunzi wa biolojia hutafuta kuelewa jinsi viumbe hai vinavyofanya kazi, ilhali wa bayoteknolojia hufundishwa kuvitumia viumbe hivyo, au sehemu zake, kutengeneza kitu chenye manufaa. Mfano bora, kwa maoni yangu, ni insulini, homoni inayodhibiti sukari katika damu: wagonjwa wa kisukari walitegemea ile iliyotolewa katika kongosho za nguruwe na ng'ombe, hadi mwaka 1978 wanasayansi walipofanikiwa kuifanya bakteria itengeneze insulini ya binadamu, na mwaka 1982 dawa hiyo ikaidhinishwa nchini Marekani. Ndiyo maana shahada ya kwanza huchanganya jenetiki (elimu ya urithi), biokemia (kemia ya viumbe hai), mikrobiolojia (elimu ya vijidudu) na takwimu, pamoja na saa nyingi za maabara. Saa hizo ndizo ninazokusihi uziulizie chuoni kabla ya jambo lingine lolote, kwa kuwa ustadi wa kukuza seli au kunakili DNA, yaani kemikali inayobeba taarifa za urithi, haupatikani kwa kusoma vitabu pekee. Uzamili si lazima kwa kazi za maabara au za kiwandani, bali humfaa anayelenga utafiti.