Sabato na genge lako la nyanya

Dada, nimekuelewa: umebatizwa juzi, Jumamosi ndiyo siku genge linauza, na unauliza Sabato, yaani siku ya kupumzika kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua likizama, ina maana gani hasa, na kama unaweza kumwachia binti wa kazi afungue.

Soma amri ya Sabato sehemu mbili za Biblia. Kutoka 20 inakupeleka kwenye uumbaji: Mungu alipumzika siku ya saba. Kumbukumbu la Torati 5 inakumbusha Misri: ulikuwa mtumwa, basi mtumishi wako naye apumzike kama wewe. Sasa binti akipima nyanya huku wewe uko kanisani, aliyepumzika ni wewe peke yako. Hapo mimi nakataa.

Nami nilikuwa na genge. Ijumaa saa tisa naanza kushusha bei, fungu la mia tano nalitoa kwa mia tatu hasa zilizoiva sana, saa kumi na moja nafunika turubai. Jumamosi jua likizama nafungua, taa ya chaji juu ya meza. Wapika chakula cha usiku hawakosi. Mwezi wa kwanza utaumia, sikudanganyi.

Kama una mkopo wa kikundi, usikurupuke. Zungumza kwanza na afisa mikopo kuhusu siku ya rejesho. Mumeo akiwa mgumu, mwombe mchungaji mkae wote watatu. Na mtoto akiugua Jumamosi, mkimbize hospitali bila kuomba ruhusa ya mtu: Marko 2:27 inasema sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu.