MUULIZE FUNDI WA MITAMBO YA HOSPITALI: Joto lote hili, mama anasikia baridi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mama yangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara saa nne nzima. Jua la Februari linachoma, lakini akishaunganishwa tu anaomba kanga ya pili na soksi. Nikamwomba nesi wapandishe joto la mashine, akasita. Halafu nimechungulia lile chujio: damu inaingia kwa juu, maji yanaingia kwa chini. Hawajakosea kuunga?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na mirija, maana hapo ndipo penye raha yangu. Hawajakosea. Mwangalie dobi mjanja mwenye beseni tatu. Kanga anaitoa la kwanza, la pili, la tatu. Maji anayarudisha kinyume, kutoka la tatu hadi la kwanza. Kanga yenye povu tele inakutana na maji yaliyokwisha tumika, na bado yanaibeba sabuni kwa sababu kanga inayo zaidi. Iliyokaribia kutakata inakutana na maji safi. Angevipeleka vyote upande mmoja, njiani vingelingana sabuni na kusuuza kungeishia hapo.

Yurea, ile taka ya mwili iliyomo kwenye damu, nayo huhama ilikozidi kwenda ilikopungua. Ndani ya chujio mna maelfu ya mirija ambayo tundu lake ni kama moja ya tano ya milimita. Damu inapita ndani, maji nje, vikipishana. Mara nyingi damu huenda kama mililita 300 kwa dakika, maji 500. Kwa saa nne hayo maji ni lita 120: ndoo sita kubwa, kwa mgonjwa mmoja!

Sasa baridi. Ukuta ule ule wa mirija ya chujio unapitisha joto, tena upesi kuliko yurea, hivyo damu inarudi mwilini ikiwa na joto karibu sawa na la maji. Maji yakiwa nyuzi 36 na damu yake 37, kwa hesabu yangu ya kalamu anapoteza kama wati 20 muda wote. Kiyoyozi nacho kinaipoza mipira inayopitisha damu nje ya mwili.

Nesi alikuwa na sababu ya kusita. Zamani mzee mmoja wa Temeke alinisihi nipandishe, nami mkono ulishafika kwenye kitufe, sista akanifokea. Maji yakiwa ya moto mishipa ya ngozi inatanuka, na huku mashine inamtoa maji mwilini. Presha inaweza kuporomoka. Wakati mwingine daktari huyapoza kwa makusudi. Mwombeni yeye, pengine nusu nyuzi itatosha.

Kanga mfunikeni, ila mkono wenye sindano uachwe wazi, nesi auone. Na siku akitetemeka meno yakigongana, au akipata homa, msimwongezee soksi: mwiteni nesi hapo hapo.