Vijana wapeni kazi yenyewe, sio kupanga viti

Jamani kama mtaani kwenu mnataka kupambana na watoto kunywa pombe, msiwaite vijana mkutanoni halafu mkawapa kazi ya kupanga viti. Sisi huku Temeke, Dar, ndo tulianza hivyo, wazazi tukaongea masaa mawili, wao wamekaa nyuma kimyaa, na hakuna kilichobadilika.

Mara ya pili tukawapa manila na makapeni wachore mtaa wenyewe, wapi dogo anapata pombe, saa ngapi, kwa njia gani. Aisee tulinyamaza. Sisi akili yote ilikuwa baa, kumbe baa hawaendi, ni maduka ya jioni wakitoka tuisheni, ni bodaboda anatumwa anawaletea, ni usiku wa kigodoro, ile ngoma ya mtaani ya kukesha, ambapo hakuna anayeuliza umri. Halafu binti mmoja wa kidato cha pili akasema mbona nyie wenyewe mnatutuma bia? Na ni kweli, unampa mtoto hela "kamchukulie baba mbili za baridi", mwenye duka kashamzoea, siku dogo akija kujinunulia anasema katumwa, nani atabisha?

Sheria ipo, chini ya miaka 18 hauziwi, na viroba, zile pombe kali za vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, lakini vichupa vidogo vikashika nafasi yake, na polisi hawezi kukaa dukani kila jioni.

Basi vijana wakatupa sharti, wazazi kwanza waache kutuma watoto pombe ndo twende madukani. Tukakubali palepale mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kisha watu wazima tukapita duka kwa duka kuongea kwa heshima tu: mtoto yeyote akisema katumwa, jua anadanganya. Hata wenye maduka iliwarahisishia.

Ila muwe makini sana, msimtume mtoto akanunue ili mumnase muuzaji, na msiandike popote nani kasema nini, dogo anaishi hapohapo na muuzaji ni jirani yake.

Na msichague wale wapole wa kwaya peke yao. Mchukueni na yule aliyewahi kunywa, kwetu ndo alijua njia zote na wenzake walimsikiliza, tena ndondo, yaani mechi za mpira wa mtaani, tulizoanzisha Jumamosi jioni ni wazo lake, alisema saa hizo ndo wanakosaga cha kufanya. Mipira tukachanga wazazi.