Goma: nenda uione parseli alfajiri

Jibu la msomaji kwa swali la wiki: "Anayetafuta makazi pembeni mwa mji wa Goma achague kartiye (mtaa) gani, na aangalie nini kabla ya kutoa pesa?"

Ndugu mhariri,

Nadhani wengi watawaandikia habari za bei, majirani na wezi wa usiku. Mimi ni fundi wa ujenzi. Nachimba vyoo na kuinua kuta za mawe kutoka Bujovu hadi Mugunga, basi nitajibu nikianzia chini: jiwe, hewa na maji. Vita naviacha nje. Havijawahi kumuuliza mtu anakaa avenyu gani.

Jibu langu: magharibi, lakini juu. Yaani Ndosho, sehemu zilizoinuka za Keshero, na miinuko ya kuelekea Mugunga kwa mwenye mfuko mwepesi. Ukishika magharibi ukaacha juu, umetupa pesa yako, na pengine zaidi ya pesa.

Tuanze na magharibi. Nyiragongo, volkano yetu, iko kaskazini mwetu, kilomita 18 hivi, na watu walio hai leo wameona mara tatu ni wapi moto wake unapenda kupita. Januari 1977 ulishuka kwa kasi ukaua watu vijijini kabla hawajajua kinachotokea. Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilifunguka hadi karibu na Munigi, lava ikafunika kipande cha njia ya ndege, ikapasua katikati ya mji, ikaingia Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, ikashuka tena kwa Kibati na Buhene, ikakata barabara ya Rutshuru, ikasimama si mbali na uwanja ule ule wa ndege.

Siku tano baadaye, alfajiri ya tarehe 27, serikali ya mkoa ilitangaza kartiye kumi za kuhamwa: Majengo, Mabanga Kaskazini, Mabanga Kusini, Bujovu, Virunga, Murara, Mapendo, Mikeno, Kahembe na Les Volcans. Wataalamu walikuwa wameona dalili kwamba lava imeingia chini ya mji wenyewe, hadi chini ya ziwa. Orodha ile niliinakili kwenye daftari langu la kazi, na bado ninayo. Ni ramani ya bure. Iliandikwa na watu wenye haraka, ambao hawakupata nafasi ya kumpendeza mwenye parseli, yaani kiwanja, chochote.

Sisemi watu wahame Majengo. Mama anayeuza soko la Virunga, au kijana wa mizigo wa Birere, akikaa Ndosho faida yake yote ataikabidhi kwa motari, dereva wa pikipiki. Akae karibu na kazi yake, ila apange, asinunue. Na karatasi zake, diploma na vyeti vya watoto, viwe ndani ya mfuko mmoja anaoweza kuushika gizani. Ninachokataa kabisa ni mtu kuuza ng'ombe za baba yake kule Masisi ili anunue parseli Buhene juu ya lava ya 2021, mahali ambapo mipaka ya zamani imelala chini ya jiwe, na watu watatu wanakuonyesha kona ile ile, kila mmoja na karatasi yake.

Tena kuna siku ya kukimbia. Mwaka 2021 wengi walishika barabara ya Sake, ya magharibi, wengine wakavuka Rwanda, wengine wakapanda boti. Mtu wa Ndosho alitoka mlangoni akawa tayari yuko barabarani. Wa Majengo ilibidi auvuke mji mzima akiwa pamoja na mji mzima.

Msinielewe vibaya, jiwe la Mugunga nalo lilishuka siku moja likiwa moto. Ni vigumu kupata parseli Goma isiyokaa juu ya lava ya zamani. Mimi nazungumzia njia zilizopitwa jana na juzi.

Sasa juu. Huko magharibi ambako moto wa miaka hii haujapita, ndiko mazuku yanakotoka: Himbi, Keshero, Lac Vert, Bulengo, Mugunga. Kila mtu ameyasikia, lakini mgeni hudhani ni mambo ya porini, ya mbuzi na wachungaji. Ni gesi ya kaboniki inayopanda kwenye nyufa. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, haina harufu wala rangi, na inatafuta shimo la kukaa. Usiku pakitulia inajaa. Jua likipanda na upepo wa ziwa ukianza, inatawanyika. Sasa komisioneri, yaani dalali, anakuleta kuona parseli saa ngapi? Saa nne asubuhi, au saa kumi baada ya kula. Saa hizo mahali pote panapumua vizuri.

Mama mmoja aliyetoka Butembo aliniita Lac Vert nimpimie msingi. Parseli ilikuwa chini ya usawa wa barabara, imezama kama bakuli, na ndani yake migomba imestawi, udongo mweusi unafika kwenye kifundo cha mguu. Goma udongo wa namna hiyo ni bahati; sehemu nyingi ukipiga jembe linakurudishia cheche. Lakini udongo na gesi vinapenda mahali pamoja, kwenye shimo, na hilo ndilo linalowadanganya watu wa mashamba. Yeye alikuwa ameshapanda sombe na mchicha kichwani mwake. Nikamwambia:

"Mama, kabla sijapima, turudi hapa kesho jua halijatoka."

"Fundi, unataka kuniongezea siku ya kulipa?"

"Kesho ni bure, mama."

Tulikwenda na taa ya mafuta niliyoifunga kamba. Usawa wa barabara iliwaka vizuri. Nikaiteremsha polepole kwenye kona ya chini, pale alipotaka kuweka jiko. Ilipofika kama usawa wa goti la mtu anayesimama chini kule, moto ukajikunja ukazima. Nikaivuta, nikaiwasha, nikaiteremsha tena. Ikazima pale pale. Kulipopambazuka tuliona mijusi miwili iliyokauka na panzi wengi, ambao siku ya kwanza tuliwapita tukidhani ni takataka za kawaida. Mama hakulalamika. Aliniuliza tu kitanda cha mtoto huinuka kiasi gani kutoka chini.

Atakayejaribu hivyo asishuke kuifuata taa, avute kamba. Na ajue kwamba taa inazimika pale tu gesi inapokuwa nyingi. Ikiwa ya kiasi haikwambii kitu, na bado inaweza kumdhuru mtu anayelala humo usiku kucha. Wenye mashine za kupima ni watu wa OVG, kituo cha kuchunguza volkano cha Goma. Taa ni ya kukukataza, haiwezi kukuruhusu.

Ndugu zangu wa Himbi wasinikasirikie. Nyumba zao ni nzuri na ziwa liko pale chini. Lakini nimefanya kazi huko kwenye nyumba yenye gereji iliyochimbwa chini, na mlinzi alikataa kulala ndani yake hata siku ya mvua. Mwenye nyumba alimwita mvivu. Mimi nilimwona mlinzi ndiye mtu pekee aliyeisoma ile ardhi. Kodi kubwa inalipia ziwa na majirani. Gesi haijui kodi.

Ukishapata mahali palipoinuka, nenda chooni. Kabla ya sebule, kabla ya kuangalia kama dirisha lina vyuma. Mtu wa Beni au wa Uvira anadhani choo ni shimo la siku mbili. Huku tunapiga baramina na nyundo, jiwe linatoka kwa vipande vya kiganja, na shimo la mita mbili linaweza kula pesa ambayo ingejenga chumba cha mbao chenye bati juu. Ndiyo maana vyoo vingi vya Goma vina ngazi: mwenye nyumba alichoka kuchimba, akajenga kwenda juu. Choo cha ngazi sina shida nacho, nimejenga vingi. Shida ni kile ambacho hakuna mtu kwenye parseli anayejua kina chake. Funika pua, tupa kijiwe, sikiliza. Uliza kilitolewa lini, nani alilipa, na kama gari la kunyonya linafika au vijana hukitoa usiku kwa ndoo. Familia tano juu ya shimo la mita moja na nusu zinalala na kipindupindu, na mji huu unakijua. Mwaka 1994 kilizika watu kwa maelfu kwenye kambi za wakimbizi zilizotuzunguka.

Hapa kwenye maji ndipo jibu langu linapouma. Juu unaikwepa gesi, lakini maji hayapandi mlima kwa hiari yake. Mvua yetu ni nyingi na jiwe linainywa yote. Hakuna mto unaopita mjini, wala huwezi kujichimbia kisima uani. Maji mengi tunayotumia yanatoka ziwani kwa pampu. Umeme ukikatika, pampu inakaa, na wa juu ndio wanaokauka kwanza. Mwaka 2021 lava ilipoharibu tangi na mabomba upande wa Buhene, sehemu kubwa ya mji ilirudi ziwani na bidoni, yaani madumu.

Kwa hiyo Ndosho si Ndosho moja. Kuna avenyu ambayo maji ya robineti (bomba) yanatoka mchana, na ya jirani, hatua chache tu, yanatoka usiku wa manane siku yanapojisikia. Usimuulize bayeri, mwenye nyumba. Muulize mtoto mwenye bidoni ya njano begani alikotoka na saa aliyoamka. Yeye hana nyumba ya kupangisha. Kama maji yanaletwa kwa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, uliza bei ya bidoni wakati wa jua kali, halafu zidisha kwa watu wa nyumbani kwako. Mara nyingine utakuta kodi ndogo ya juu pamoja na maji imeshaipita kodi ya Katindo, karibu na katikati ya mji. Anayenunua aweke pesa ya tangi la mvua kwenye hesabu kabla ya rangi na kabla ya malango ya vyuma. Tena aangalie mabati yenyewe. Moshi wa volkano unayala, na kadiri unavyokwenda upande wa Rusayo na Sake ndivyo kutu inavyowahi. Maji ya bati la kutu au lililoshika majivu ni ya kufulia, si ya kunywa.

Hasara nyingine za huko: vumbi jeusi, malori ya Sake yanayoanza kunguruma kabla ya jogoo, na foleni ya jioni inayomfanya mtu ashuke kwenye basi atembee. Mimi nimezoea. Mke wangu hajazoea, na anaruhusiwa kuwaandikia jibu lake.

Umeme ni afadhali kuliko zamani, tangu kituo cha Matebe kule Rutshuru kilipoanza mwishoni mwa 2015. Uliza tu kama kashipawa, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako au mnachangia nyumba tatu, maana ugomvi mwingi wa parseli nilioamua unaanzia kwenye pasi ya mtu mmoja. Shule sisemi, mtoto wa Goma anatembea.

Kuna wanaolala Gisenyi, ng'ambo ya mpaka kule Rwanda, na kufanya kazi huku. Barabara nzuri, usafi, sawa. Kwa mfanyabiashara anayejipangia saa zake huenda ikamfaa. Lakini mpaka una saa zake, na Machi 2020 ulifungwa kwa ajili ya korona bila mimi na wewe kuulizwa. Ukifungwa, kitanda kinabaki nchi moja na mshahara nchi nyingine. Na asikudanganye mtu kwamba ng'ambo hakutetemeki: mwaka 2021 kuta za huko nazo zilipasuka.

Nimalize na pesa. Sheria ya 31 Desemba 2015 juu ya kupanga nyumba inasema garanti, pesa ya dhamana, ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Wapo wanaodai sita, na wapo wapangaji wanaolipa kwa sababu komisioneri ameshawanong'oneza kwamba kuna mtu mwingine nyuma yao, dola ziko mkononi. Huyo mtu mwingine nimemsikia katika kila kartiye niliyofanya kazi, sijawahi kumwona. Lipa mitatu, na kwenye karatasi iandikwe garanti ni ya miezi mingapi, kashipawa ilikuwa inaonyesha nini siku mnaingia, na choo kikijaa ni nani anayeita gari na nani anayelilipa. Hilo la choo bayeri atalicheka. Mwache acheke, lakini aandike.