Paka wa ndani naye huchanjwa

Dada, umeuliza kama paka asiyetoka nje ya nyumba yako ya ghorofa huko South B anahitaji chanjo sawa na mbwa wa mama yako kule Ruai, na kama wanaweza kutumia dawa moja ya kupe. Chanjo anaihitaji, hasa ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa ugonjwa huo humpata mnyama yeyote anyonyeshaye, binadamu akiwemo, na dalili zikishaonekana huua karibu kila mara. Ya kwanza hutolewa akitimiza miezi 3, hurudiwa baada ya mwaka mmoja, na kuanzia hapo daktari wa mifugo hufuata maelekezo ya chanjo aliyoitumia. Hakikisha amebandika lebo ya chupa na kutia sahihi kwenye kadi ya chanjo, maana kadi tupu haimsaidii mtu siku mnyama wake anapomuuma jirani. Dawa ya minyoo kila miezi 3 huwatosha wengi walio wazima.

Linalonitia wasiwasi ni hilo la kupe. Usimpake paka dawa ya mbwa, kwa sababu baadhi yake zina permethrini, kemikali ya kuua wadudu ambayo ini la paka haliwezi kuivunja vizuri, naye huanza kutetemeka, hushikwa na degedege na huenda akafa. Ile ya kuogeshea ng'ombe, inayopimwa kwa kijiko katika maduka ya agroveti, iache huko huko dukani. Mpeleke paka apimwe uzito kwanza, kisha daktari ampe dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya paka.