Nikizima taa tu, mawazo yanaanza

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mchana niko sawa, ila nikishalala mawazo yananijia mfululizo: kazi, madeni, neno nililomwambia mtu wiki iliyopita. Najilazimisha nisiwaze, ndiyo kwanza yanazidi. Usingizi unakuja saa nane usiku. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Hapo unapojilazimisha ndipo penye shida. Ili akili ihakikishe huwazi deni, lazima ichungulie kama deni limerudi, na kila ikichungulia imeshalikumbuka. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe. Walishindwa, na waliporuhusiwa baadaye walimfikiria zaidi kuliko wale ambao hawakukatazwa tangu mwanzo.

Basi usiyafukuze mawazo hayo, yapangie saa. Tenga dakika 20 kila siku, muda uleule, kwenye kiti kilekile, angalau saa mbili kabla ya kulala. Wasiwasi ukikujia wakati mwingine, andika maneno mawili matatu tu ("deni", "kikao cha Jumatatu") kisha urudi kwenye shughuli yako.

Saa ikifika, fungua daftari na upige mstari katikati ya ukurasa. Kushoto weka yale unayoweza kuyafanyia kitu, kila moja na hatua yake ndogo yenye siku na saa. Wengi hukosea hapa. "Nishughulikie madeni" ni wasiwasi uleule, umeandikwa tu. "Jumatano saa nne asubuhi nimpigie anayenidai, niombe kulipa kwa awamu mbili" ni hatua, na akili ikijua jambo limepangiwa wakati, hupunguza kukukumbusha. Kulia weka yasiyo na la kufanya leo, kama "je, nikiachishwa kazi?" Yaandike hivyohivyo bila kuyatafutia jibu. Muda ukiisha, funga daftari uondoke hapo, hata kama hujamaliza.

Usiku, ukihisi zimepita kama dakika 20 hujalala, toka kitandani. Kisia tu, usitazame saa, maana kuhesabu muda kunakuzidishia presha. Kaa kwenye mwanga hafifu ufanye kitu kisichosisimua, kama kukunja nguo, na simu iwe mbali. Rudi macho yakiwa mazito. Mawazo yakikujia tena, toka tena, hata mara tatu. Mwili wako umezoea kwamba kitandani ni mahali pa kuwazia, na utazoea upya kwa njia hii tu ya kurudiarudia.

Asubuhi amka saa ileile, hata ukiwa umelala kidogo, na usifidie usingizi mchana. Siku za mwanzo ni ngumu kweli. Ukisinzia, usiendeshe gari. Kahawa ya mwisho iwe kabla ya saa nane mchana, kwani saa tano hivi baada ya kuinywa, karibu nusu ya kafeini yake, inayokuzuia kulala, bado imo mwilini.

Fanya hivi wiki mbili bila kuruka siku. Ukifungua daftari siku mbaya peke yake, akili haitaamini kwamba saa yake itafika.

Kama usingizi umekusumbua usiku 3 au zaidi kwa wiki kwa miezi 3, au umekuwa na huzuni karibu kila siku kwa wiki 2 na huna hamu ya chochote, muone mtaalamu ana kwa ana. Mawazo ya kujiua hayangoji saa ya daftari: mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, asikuache peke yako, na mwende hospitali leo hii.